Mwenye Ufunguo Haendi Morogoro

Barua yenu ilisema mtakuja wanne. Nikamimina chai vikombe vinne, nikavihesabu mara mbili, mkaingia watatu. Kikombe cha nne kikakaa mezani kinapoa peke yake, nami kwa adabu sikuuliza mpaka mlipokuwa mnaaga. Mliniomba niwaandikie ninyi vijana wa kinu jinsi kazi ya pamba ilivyokuwa, na ilikuwaje mwanamke akapewa kuongoza kituo Bariadi. Mkasema ukurasa mmoja unatosha. Nikataka kumi. Mkapanda hadi mbili, mkasitasita, tukakubaliana tano. Mngekuwa mmekaa mzanini angalau msimu mmoja mngejua kwamba tangu mwanzo nilitaka tano.

Hii tabia ya kuhesabu mara mbili nilianza nayo siku niliyojifungua. Mkunga wa zahanati alinipa mtoto wangu, akaanza kunawa mikono. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, hesabu tena." Akarudi kwa kuninyamazisha tu, akamkuta Doto. Ndiyo maana naitwa Mama Kulwa, na ndiyo maana sijawahi kuamini hesabu ya kwanza ya mtu yeyote, hata yangu.

Sasa nendeni kwenye korido ya ofisi, pale zilipotundikwa picha za watu wa kampuni yetu waliokwenda kozi ya uongozi Morogoro. Zitazameni zile sita za mwanzo, zilizoanza kugeuka njano. Mimi nimeshawahesabia: wanaume thelathini na wanne, wote wana tai, na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo ameshika sinia la vikombe na nadhani alikuwa anapita tu. Msizione picha hizo kama mapambo. Enzi zile hakuna aliyepewa kituo bila cheti cha Morogoro. Ungeweza kuwa na akili ya kuendesha vinu vitatu. Usipopiga ile picha ulibaki msaidizi mpaka meno yang'oke. Mimi nilitaka kituo. Nalisema wazi ili msije mkadhani nilikuwa natafuta safari.

Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, na mkulima aliheshimu mzani kama anavyoheshimu mvua: ukija umekuja. Kisha soko likafunguliwa. Barabara moja ya Sapiwi ikawa na mizani mitatu ya makampuni matatu, kila karani anamwita mkulima mjomba. Mtu ambaye juzi alikuwa analala juu ya magunia yake akisubiri kupimiwa, sasa anaulizwa hali ya ng'ombe wake mmoja mmoja. Wakulima walijifunza biashara huria kwa siku mbili. Sisi wanunuzi ilituchukua msimu mzima.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Masunga, mkuu wa kituo chetu, mtu mfupi mwenye kofia ya kaki aliyotoka nayo ushirika, ambayo yeye alistaafu na yenyewe ikaendelea. Alinifundisha kuzamisha mkono kwenye gunia mpaka begani, kwa sababu pamba ya juu imewekwa kupokea wageni na ya chini ndiyo wenye nyumba. Alinifundisha kuuma mbegu. Ikilia kati ya meno, pamba ni kavu. Ikikaa kimya, imenyweshwa maji. Msimu wangu wa kwanza niliuma kwa upande wenye jino bovu, nikawa nasikia maumivu badala ya mlio, nikakataa magunia kumi na moja makavu kabisa kule Ipililo. Maneno niliyosindikizwa nayo siku ile siyaandiki. Kama una jino bovu, uma upande wa pili. Hilo hawawafundishi chuoni.

Na kuna mama mmoja wa Sapiwi nilimkuta na jiwe la kusagia katikati ya gunia. Sikumfokea. Nililitoa, nikalifuta vumbi, nikamuuliza kwa upole leo nyumbani mnakula nini, maana jiwe mmelileta sokoni. Hakupepesa macho.

"Nilitaka kuona kama una mikono," akasema. "Mwenzako wa mzani wa pili alilinunua mwaka jana, ikabidi nichonge jingine."

Tulikuwa marafiki mpaka alipofariki.

Haya, ufunguo. Pamba ikikaa stoo hukauka, na ikikauka hupungua uzito. Gunia uliloliingiza mwezi wa saba si lile utakalolitoa mwezi wa tisa, na hakuna aliyeiba isipokuwa jua. Lakini kampuni haiwezi kuliandikia jua barua ya kujieleza. Anayeandikiwa ni mwenye ufunguo. Kwa hiyo wanaume wa kituo waliukwepa ule ufunguo kama zamu ya kufagia choo. Msimu mmoja ulipita mikono mitatu: wa kwanza aliusahau kilabuni, wa pili alikwenda nao mnadani ukarudi bila yeye, wa tatu alipata malaria kila siku ya kuhesabu magunia. Ndipo Bwana Masunga akanitazama, akasema wanawake hawanywi. Si kweli, lakini sikubisha. Kufuli lile lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama, na mimi nilikuwa bado mgeni wa sifa.

Nikaufunga kwenye kamba ya katani, nikauvaa shingoni. Kanisani nikipiga magoti, ufunguo unatangulia kufika chini. Watu mtaani walianza kuusalimu kabla ya kunisalimu mimi. Na sikupata upungufu, kwa sababu sikununua maji. Pamba yoyote iliyonitia shaka niliianika kwanza juu ya turubai mbele ya mwenyewe, tukapiga soga, jua likachukua chake kabla ya mzani na si baada. Ni ujanja wa bei rahisi na mpaka leo unafanya kazi.

Ila ufunguo ulikuwa na sheria mbili. Mwenye nao asilale nje ya Bariadi maadamu stoo ina pamba. Na akitaka kuukabidhi, stoo nzima ipimwe upya, gunia kwa gunia, anayepokea atie sahihi. Hakuna aliyekuwa tayari kutia sahihi. Hizo sheria ziandikeni mahali, maana ndizo zilizonila.

Kila mwaka, msimu ukielekea ukingoni na stoo ikiwa imejaa, barua ilikuja kutoka makao makuu Mwanza: leteni majina mawili ya kwenda Morogoro. Mwaka wa kwanza nilipouliza kuhusu jina langu, Bwana Masunga alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mkuu wa wilaya.

"Mama Kulwa," akasema, "wewe ukienda, nani atashika ufunguo?"

Nikatoka pale natembea kama niliyepewa ng'ombe wa maziwa. Nikamsimulia Baba Kulwa nyumbani neno kwa neno. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, huuliza maswali mafupi. Akauliza, "Kwa hiyo unaenda au huendi?" Nikamwambia haelewi mambo ya ofisi.

Mwaka wa pili nikauliza, nikajibiwa vile vile. Wa tatu vile vile. Wa nne sikusubiri amalize, nilimalizia mwenyewe. Misimu minne, vijana. Mimi ambaye sijawahi kununua kuku kwa bei ya kwanza niliuza misimu minne kwa sentensi moja, tena sentensi ile ile, na kila mara nikasema wabeja, asante.

Aliyenifumbua macho ni Ngassa, ingawa hakukusudia. Ngassa alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuuma mbegu. Walimpeleka Morogoro mwaka ule wa nne, akarudi na tai, faili nene na maneno. Asubuhi ya kwanza alitukusanya uani akatuambia kituo chetu kinahitaji mtazamo mpya. Tukapiga makofi. Kisha akanivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona, lile gunia la pale ni pamba safi au ni fifi, yaani daraja la kwanza au la pili. Nikamwambia ni fifi, mtazamo mpya uko wapi.

Si mtu mbaya. Aliniazima lile faili, nikawa nalisoma stoo nimekaa juu ya magunia. Sura ya nne ilihusu kukasimu madaraka. Ilisema kiongozi humwandaa mtu wa kushika kazi yake, ili siku akitakiwa kwingine aondoke. Niliisoma mara mbili. Kumbe ile kamba ya katani niliivaa mwenyewe, na Bwana Masunga alikuwa ameshika ncha tu.

Nikaanza kutafuta mtu wa kumkabidhi. Wa kwanza alisema mgongo wake ni mbovu. Nikamuuliza ufunguo una kilo ngapi. Akasema mgongo wake unaona mbali. Wa pili akasema mke wake hatapenda, na mke wake nilimfahamu, angefurahi kupita kiasi. Ngassa akasema yeye sasa ni wa ngazi nyingine. Nikamaliza wanaume wote wa kituo, nikawahesabu tena, ndipo nikamwona niliyemruka.

Alikuwa Gidahoda, Mtaturu kutoka Kimali kule Meatu, mshika mzani wetu kwa miaka saba. Sisi Wasukuma na Wataturu tuna utani wa ng'ombe. Sisi tunasema wao ni wezi. Wao wanasema sisi hatujui hata tulikuwa na wangapi. Ni utani mzuri ukibaki mnadani. Pale kituoni uligeuka kanuni. Majina ya kozi yakitafutwa, mimi angalau nilikataliwa kwa heshima na kofia ikavuliwa. Jina la Gidahoda halikupata hata nafasi ya kukataliwa.

Nilimuuliza kama anaweza kuhesabu stoo nzima. Akasema hahesabu.

"Ng'ombe hawahesabiwi, Mama Kulwa. Wanatazamwa."

Nikaona hapa nimepoteza muda. Lakini sikuishia kwenye hesabu ya kwanza. Alipokwenda kula mchana nilitoa gunia moja katikati ya rundo, nikalipeleka ofisini kwa Bwana Masunga, nikalisimamisha nyuma ya mlango, nikarudi na kupanga mengine vizuri. Gidahoda aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo kwa muda wa kumeza mate.

"Yule mwenye kiraka cha buluu katoka," akasema. "Alikuwa amelala chini ya yule wa uzi mwekundu."

Mimi kuhesabu stoo ile mara mbili kulinichukua asubuhi nzima. Nikamwomba aushike ufunguo wiki tatu. Hakuruka kwa furaha. Aliketi, akanitajia masharti matatu, nami nikajua nimekutana na mtu wa sokoni. La kwanza, stoo ipimwe upya yote na yeye akiwepo. La pili, nikae naye siku tatu nimwoneshe kila ninachokijua, pamoja na turubai.

"Na la tatu," akasema, "ukipewa kituo, na mimi niende Morogoro."

Yale mawili ya kwanza tuliyavutana mpaka jua likashuka. La tatu nililikubali kabla hajafunga mdomo. Kila mfanyabiashara anajua kwamba kitu cha kulipwa kesho leo hakina bei.

Siku mbili baadaye, ikiwa sasa ni mwaka wa tano, Mkurugenzi alikuja mwenyewe kuchukua majina. Alikuwa mtu wa haraka, hunywa soda amesimama. Bwana Masunga akamsomea majina yake mawili. Nikasema na langu liongezwe.

"Nani atashika ufunguo?" Bwana Masunga akauliza, kama mtu anayeitikia sala.

"Gidahoda."

"Huyu Mtaturu?"

"Huyu huyu unayemwachia mzani."

Bwana Masunga akamgeukia Mkurugenzi. "Bosi, huyu atayatoa magunia yote kwa fimbo, ayapeleke Meatu kunywa maji."

Watu wakacheka. Gidahoda naye akacheka, maana utani wa mtani haukataliwi. Walipotulia akasema taratibu, "Bwana Masunga, lipo gunia nyuma ya mlango wa ofisi yako. Leo siku ya tatu. Nimenyamaza nione kama mwenye nyumba atauliza."

Mkurugenzi akaingia ofisini na soda yake, akasukuma mlango, akalitazama lile gunia la kiraka cha buluu. Nililiacha pale kwa makusudi, na kila siku Bwana Masunga alilitundikia koti. Mkurugenzi akatoka. Bwana Masunga alivua kofia, na safari hii haikuwa ya heshima.

"Bosi, mimi sina ubaya naye," akasema. "Lakini huyu mama akitoka, mimi silali."

"Kwa hiyo tumemnyima kozi miaka minne ili wewe ulale," Mkurugenzi akasema. Akanigeukia. "Unataka muda gani?"

Nikagundua hajui kozi ni ya muda gani. Nikamwambia wiki sita.

"Sita ni nyingi. Nakupa tatu."

Nikainama kidogo kama mtu aliyeonewa, nikakubali tatu. Kozi ilikuwa ya wiki tatu. Jina la Ngassa mwingine mmoja, binamu ya yule niliyemfundisha, likafutwa, nasikia hajanisamehe.

Morogoro tulikuwa ishirini na sita, wanawake wawili. Mwenzangu alitoka kwenye kahawa, kule Kagera. Hawakuwa wamefikiria vyumba vya wanawake, wakatulaza kwa mama mpishi mkuu, na kwa kuwa tulikula kabla ya wengine hatukulalamika. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na nafasi ya jina la mke. Nikaandika: ndiye mimi. Darasani walitufundisha kujadiliana bei kwa kutumia vikaratasi, na mwalimu alinitoa nje mara moja ili wengine nao wapate kushinda. Lakini nisije nikajifanya nilikuwa najua yote. Nilijifunza kusema hapana kwa maandishi. Kabla ya hapo niliisema kwa mdomo tu, na hapana ya mdomo wanaume huipumzisha kidogo kisha wanaileta tena. Siku ya kufunga tulipewa begi kila mtu: daftari, kalamu, cheti, na tai ya rangi ya damu ya mzee. Wote. Yule wa Kagera aliifungia sanduku lake. Mimi niliikunja nikaja nayo.

Nilikuta stoo iko sawa. Nilihesabu mara mbili. Gidahoda alisimama mlangoni akitazama, akinionea huruma. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetokea. Bwana Masunga alitaka kufunguliwa siku ya Jumapili, baada ya ibada, amwoneshe shemeji yake marobota. Hakuwa na karatasi. Gidahoda hakufungua. Bwana Masunga alimkumbusha yeye ni nani, Gidahoda akasema anamjua, ndiyo maana anashangaa hana karatasi. Bwana Masunga alinisimulia kisa hicho kama mashtaka, akafika katikati akaanza kucheka, akakimalizia kama sifa. Tangu siku ile nadhani alilala.

Shingo ya Gidahoda ilikuwa imechunwa na ile kamba ya katani. Nikaikata, nikafunga ufunguo kwenye tai yangu ya Morogoro, nikamvisha.

"Haya," akasema, akijitazama kifuani. "Shingo imetangulia. Mwili utafuata."

Tukacheka sana. Mimi nilicheka zaidi.

Msimu wa pili baada ya hapo Bwana Masunga alistaafu na mimi nikapewa kituo. Meneja wa kwanza mwanamke katika kampuni ile. Mkurugenzi akawa ananitaja kwenye mikutano, na kwa kweli nilistahili. Kila barua ya majina ilipokuja nilipeleka mabinti: wa kupanga madaraja ya pamba, wa ofisi, mmoja wa mashine. Walinung'unika, nikawajibu kwa maandishi. Mkiangalia picha za miaka ile ukutani mtaona tai zinapungua na vilemba vinaongezeka. Nilikuwa napita koridoni nikizihesabu kwa raha yangu.

Na stoo? Stoo haikunisumbua hata siku moja. Nililala usingizi mzuri sana. Hamjashtuka bado? Hata mimi sikushtuka.

Siku moja asubuhi Gidahoda aliingia ofisini. Alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni. Siku ile aliingia mpaka mezani. Akaamkia, nikaitikia. Akasema barua ya majina imekuja.

"Imekuja," nikasema.

"Nataka kwenda."

Nilikuwa nasoma orodha ya marobota, wala sikuinua kichwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Gidahoda," nikasema, "wewe ukienda, nani atashika ufunguo?"

Nilisikia ile sentensi ikitoka kwa sauti yangu na kofia ya Bwana Masunga. Laiti kungekuwa na jino la kuuma nione kama imelowa. Gidahoda hakunikumbusha ahadi. Alivua tai shingoni, akaiweka juu ya orodha yangu, ufunguo ukagonga meza.

"Itazame," akasema.

Niliitoa begini ikiwa rangi ya damu ya mzee. Sasa ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na pale palipokaa shingo palikuwa peupe kabisa. Yeye hahesabu. Ikabidi nihesabu mimi. Misimu mitano tangu nipewe kituo. Nikahesabu tena, ikabaki mitano. Bwana Masunga, niliyemcheka miaka yote ile, alininyima minne.

Nilijitetea kidogo moyoni. Nikajiambia nimewatoa mabinti, nani mwingine katika kampuni amewatoa? Ni kweli. Nikajiambia Gidahoda ana kazi ya heshima, watu wanausalimu ufunguo wake. Ni kweli pia, hata mimi niliwahi kusalimiwa hivyo. Mlango nilioupita niliufunga nyuma yangu kwa kufuli lile lile, na nikamwachia mtu wa kulilinda.

Majina mawili nilikuwa nimeshayatia sahihi. Nikaandika la tatu. Kutoka Mwanza wakajibu ni mawili tu. Nikawaandikia: watatu, au nije huko nieleze mwenyewe, na nitahitaji wiki sita. Wakakubali watatu.

Gidahoda akauliza basi ufunguo anamwachia nani. Nikauvaa mimi. Wiki tatu nzima meneja wa kituo alikuwa pia mtunza stoo, na wakulima walikuja makusudi kunitazama. Bwana Masunga naye alipita, mstaafu, na kofia yake. Akasimama mlangoni mwa stoo nilipokuwa nahesabu mara ya pili.

"Mama Kulwa, unalala?" akauliza.

"Silali."

"Umeona sasa," akasema, akaenda zake. Sikumlaumu tena tangu siku ile. Hakuwa mtu mbaya kuliko mimi.

Gidahoda alirudi na tai yake mwenyewe, mpya, akaivaa siku ya kwanza juu ya shuka la kwao. Baadaye akapewa kituo cha kununulia upande wa Meatu, akakiendesha vizuri, na nikisema vizuri mimi mnajua nimehakikisha. Mwaka niliostaafu alikuja kwenye sherehe yangu. Wakampa nafasi ya kusema. Nilitegemea sifa, nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Mama Kulwa anahesabu kila kitu mara mbili," akasema. "Mimi alinihesabu mara moja."

Akaketi. Watu walicheka mpaka wakalia. Nami nilicheka, na nilipofika nyumbani Baba Kulwa akaniuliza mbona nimenyamaza.

Sasa kile kikombe. Mlipokuwa mnaaga niliwauliza wa nne wenu yuko wapi. Mmoja wenu akanijibu, tena kwa nia njema kabisa, kwamba Nyanzobe amebaki stoo. Ndiye mwenye ufunguo. Msichana makini sana, hakosei, bila yeye kituo hakiendi. Mkatabasamu wote watatu. Nikauliza ninyi mmeshakwenda ile kozi. Mkasema ndiyo, wote. Nikauliza na Nyanzobe. Mkatazamana.

Sikusema kitu, kwa sababu mliomba niandike. Kurasa zimetimia tano. Msizibandike koridoni kwanza. Mpelekeni yeye azisome, stoo kuna kivuli na magunia ya kukalia. Mwambieni chai yake ilipoa nikaimwaga, lakini kikombe nimekiosha na nimekiweka kando. Aje anywe, na akija aniletee jina la yule aliyeupokea ufunguo kutoka kwake.